Ndege Kumi na Moja Juu ya Sinia

Mume wangu alipokwenda Maskati aliacha ndege tatu nyumbani kwetu Konde, Pemba. Zilikuwa ndogo, za madini, kila moja inaenea kiganjani, na zote ni mifano ya ndege za kijeshi za majaribio: zile zilizotengenezwa moja au mbili tu, zikarushwa ili ionekane kama inawezekana, kisha zikawekwa. Moja ina mabawa yaliyoelekea mbele, utadhani imefungwa kinyumenyume. Ya pili ni bapa na mviringo kama sahani ya biriani. Ya tatu haina mkia kabisa.

Kabla ya safari alikuwa akipakia mizigo katika uwanja wa ndege, Chake. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakusanyi mifano ya ndege za abiria, anazozijua.

"Zile najua zinafika," alisema. "Hizi mtu kajaribu tu."

Katika miaka sita aliongeza nane. Yeye hakuja hata mara moja. Zilizokuja ni ndege, ndani ya mabegi ya watu wanaorudi kuoza mabinti au kuzika, zimeviringishwa kwenye kanzu au zimebanwa katikati ya makopo ya maziwa. Kila moja ilikuwa na karatasi yenye namba yake, kwani mifano hiyo hutolewa michache na hairudiwi. Niliandika daftarini siku iliyofika, aliyeileta na maneno yaliyokuja nayo. Maneno yalikuwa yale yale: "Niwekee, nikija nitazipanga mwenyewe." Nikaziweka ukumbini juu ya meza, na kila niliyoipokea niliichukua kuwa ahadi. Mtu hapeleki kitu anachokipenda kwenye nyumba asiyokusudia kurudi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ikanitosha.

Mwaka jana mamangu alifariki. Kwetu msiba ukiingia, nyumba hutolewa vitu. Majirani hawangoji kuambiwa. Kabla maiti haijaoshwa, makochi yalikuwa yameshatoka, televisheni imekwenda nyumba ya pili, na majamvi yametandikwa ukutani hadi ukutani. Mimi nilikuwa chumbani na mamangu. Sikuona nani kachukua ndege.

Siku ya nne, baada ya hitima, jirani yangu wa upande wa msikitini alipiga hodi. Ni mama mtu mzima, aliyenifundisha kupika nilipoolewa. Kichwani alikuwa na sinia lililofunikwa kawa. Akalitua, akafunua. Katikati palikuwa na mkate wa kumimina, bado una moto, na pembeni yake, duara zima, ndege kumi na moja, nyingi zinang'ara.

"Nisamehe, mwanangu, nimekawia," alisema. "Vilikuwa na masizi hivi! Sabuni peke yake haikufua dafu, ikabidi nivipitishie makumbi ya nazi. Nikasema, vyombo vya mume wa mtu, nivirudishe vichafu na nyumba imejaa wageni? Aibu yangu mimi."

Chombo cha mtu kwetu hurudishwa kikiwa safi, na hakirudi kitupu. Alikuwa ametimiza yote mawili. Masizi aliyoyasugua yalikuwa rangi ya kiwandani, iliyopakwa kwa makusudi ili ndege ionekane imepaa. Namba za mabawani na nyota za ubavuni zilikuwa stika, nazo zilibaki kwenye beseni lake. Saba zilikuwa madini matupu. Nne zilinusurika kwa kuwa maji yalikwisha.

"Ahsante, mama," nilisema. "Umejitaabisha."

"Taabu gani? Kata mkate, ule."

Nikala, naye amesimama ananitazama mpaka nikamaliza kipande.

Nilikaa wiki mbili bila ya kumwambia mume wangu. Niliogopa kitu kimoja: kwamba akijua haziko tena kama alivyozileta, hatakuwa na cha kurudia. Mwishowe, Ijumaa moja baada ya sala, alipopiga simu ya picha, nilizisogeza moja moja mbele ya kioo.

"Hii imekuwaje?"

"Imekoshwa."

"Nani kakosha ndege ya vita?"

"Mama wa upande wa msikitini. Kwa makumbi, ndani ya beseni."

Alicheka mpaka simu ikamwanguka, nikabaki natazama dari ya chumba chake. Alipoiokota alikuwa anafuta machozi. "Mwambie huku bandarini kuna manowari, aje na beseni lake!" Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nilihisi mzigo umenitoka.

Kisha akasema, "Sikiliza. Zifunge vizuri, kila moja peke yake. Mwenzangu anakuja Wete kuoza, akirudi atazipitia. Huku yuko fundi wa rangi. Na nimehamia pakubwa kidogo, nimeshapigilia rafu ukutani."

"Hizi saba?"

"Zote. Hata hizo nzima."

Halafu nikamuuliza, "Na wewe unakuja lini?"

Feni lake lilikuwa linalia. "Inshaallah," alisema. "Mambo yakikaa sawa."

Mwenzake alikuja kweli, mtu mpole, akakaa barazani akanywa chai.

"Shemeji, nimeagizwa mzigo."

"Haujafungwa."

"Basi nisubiri?"

"Usisubiri, shemeji. Mwambie mzigo ule hafungiwi. Mwenyewe ana mikono miwili, aje aufunge."

Akaniangalia. "Maneno haya nikayafikishe hivi hivi?"

"Hivi hivi. Usiyatie sukari."

"Mnh! Leo nimetumwa kweli," alisema, akacheka kidogo, akamaliza chai yake. Nilimfungia karafuu na pweza mkavu ampelekee. Hakuondoka na kitu kingine.

Miezi imepita. Mume wangu hajaniuliza habari ya ndege, wala hajaleta nyingine. Simu anapiga kila Ijumaa kama kawaida; tunazungumza bei ya mchele, mvua, afya ya mamake. Hukaa pale pale kila mara, mgongo ukutani. Juu ya kichwa chake naiona ile rafu, ndefu, imepakwa rangi nyeupe. Mwanzoni nilidhani ataweka vitabu, au redio, mahali pa ndege. Kila Ijumaa naitazama kabla sijamtazama yeye. Mpaka sasa haina kitu.