Kikombe Kisicho na Mkono

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Katika jiko la chuo, alikooka mikate kwa miaka kumi na tisa, walimwita Mama Kikombe, kwa sababu ya kikombe cha bati kilichong'oka mkono ambacho hakumwazima mtu. Unga vikombe ishirini, maji saba, sukari viwili. Alihesabu kwa midomo, na ukimsemesha katikati alirudisha unga wote, akakutupia jicho, akaanza upya.

Meneja mpya, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, alileta mizani na karatasi iliyochapwa, akaibandika ukutani. Kila kikombe kilikuwa kimegeuzwa gramu mia mbili na hamsini: unga, sukari, chumvi, vyote sawa. Unga ukawa kilo tano. Maji yakabaki vikombe saba.

"Mwanangu, unga huu ni mwingi mno."

"Mama, fuata karatasi."

Akaifuata. Unga ukagoma kushikana, ukapasuka kama kisigino kikavu. Alipotaka kuongeza maji akakatazwa. Mchana ule wanachuo waligonga mikate mezani kama wanaobisha hodi.

Asubuhi iliyofuata meneja akaja na barua ya onyo: mpishi ameharibu mikate kwa uzembe. Asaini, au aache kazi.

Alikuwa amesaini mengi maishani bila ubishi. Cheti cha kifo cha mumewe. Fomu ya kuihama nyumba waliyoishi pamoja. Kwa yale hakukuwa na wa kubishana naye. Hili lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisimama mbele yake akibofyabofya kalamu.

"Sisaini."

"Saini yaishe, shoga," mkata mboga akanong'ona. "Ni wino tu."

"Wino, lakini jina ni langu." Akamgeukia meneja. "Kikombe ulikipimaje?"

"Kwa maji. Gramu mia mbili na hamsini kamili."

"Maji, sawa. Na unga umewahi kuunywa?"

Mkata mboga akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Mama Kikombe akaweka kikombe juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri. Akamimina unga, akausawazisha kwa mgongo wa kisu. Gramu mia na thelathini.

"Hujaushindilia," meneja akasema.

"Shindilia wewe, baba."

Akashindilia kwa dole gumba, akajazia, akashindilia tena, mkono mweupe hadi kwenye saa. Mizani haikufika hata mia na themanini. Ikaja sukari: mia mbili na kumi. Chumvi ikapita mia mbili na themanini. Kikombe kilikuwa kile kile.

Meneja akajipangusa. "Basi karatasi ina kasoro kidogo. Lakini barua imeshaandikwa, mama."

"Nipe kalamu."

Akampa, uso ukamlegea kwa nafuu. Mama Kikombe akaigeuza barua na nyuma yake akaandika, kwa herufi kubwa, uzito wa kikombe cha kila kitu. Akaibandua karatasi ya meneja, akabandika barua mahali pake, onyo likitazama ukuta.

"Barua yako ipo. Ukitaka kuisoma, ibandue. Ila siku hiyo utaoka wewe."

Kisha akavuta beseni, akaanza kuhesabu. Alipofika kikombe cha tisa meneja akafungua mdomo. Mama Kikombe akamtazama, akarudisha unga wote kwenye pipa, akaanza na moja.