Santuri Iliyochomwa Makongeni

Mtu akichoma plastiki kwenye takataka, mimi husimama kidogo. Harufu ile hunirudisha Makongeni, Thika, miaka ya tisini, kwenye chumba chetu chenye pazia katikati na spika kubwa iliyofunikwa kitambaa cha mama.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma. Alikuwa na santuri moja tu aliyoipenda, aliyoachiwa na fundi Mzungu aliyekuja kuzifunga mashine hizo. Kwenye jalada walikuwa vijana watatu wa Amerika, nywele zao ndefu kuliko za shangazi zangu wote. Na kelele zao, jamani! Gitaa lilinguruma kama poshomili ikisaga mahindi, ngoma zikagonga mpaka vikombe vikatembea kabatini. "Hawa ndio walianza," baba alituambia kwa sauti ya kuhubiri sokoni. "Wale wote wa roki nzito wametoka kwa hawa." Kisha aliketi sakafuni, mgongo kwenye spika, akafumba macho.

Mama hakuona raha hapo. Siku hizo kila mtu alizungumzia kuabudu shetani, na baba alikuwa amebadilika. Ukimwita hageuki. Ukimweleza jambo anatabasamu tu, anaendelea na chai yake. Mama akawaeleza kina mama wa maombi, nao wakaja Jumamosi moja baba akiwa kazini.

"Mama Njeri, kuna kitu kwa hii nyumba," alisema kiongozi wao. Njeri ni mimi. "Hiyo miziki ndiyo imemfunga bwana yako. Toa nje tuchome."

Wakaimba. Santuri ikajikunja juu ya jiko, moshi mweusi ukatanda karibu na mfereji wa maji wa ploti, tuliochangia na wapangaji wenzetu. Nilitazama tu. Sikulia, sikufurahi, nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Jioni baba akakuta jalada tupu.

"Baba Njeri, tumeichoma," mama alisema. "Ni kwa ajili yako."

Baba alimtazama midomo. "Unasema?"

Mama akarudia, ploti nzima ikasikia. Baba hakugomba. Alikaa mahali pake, mgongo kwenye spika iliyonyamaza, mpaka chakula kikapoa. Nasi hatukuizungumzia tena.

Nilipokuwa mtu mzima nilimpeleka kliniki ya masikio kule Ruiru. Daktari alisema mashine za kiwandani zilikuwa zimemwondolea usikivu tangu zamani. Kumbe alificha, asije akafutwa kazi.

"Nyimbo zingine zote zilipotea," baba aliniambia tukitoka. "Hiyo moja nilikuwa naisikia na mgongo."

Ndipo nikaelewa ni nini kilichochomwa siku ile. Nilingoja machozi, hayakuja. Tulipofika nyumbani nilimkuta mama jikoni akikatakata sukuma wiki, nikamweleza yote. Kisu kilisimama.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Na mimi miaka yote nilifikiria amenichoka."