Siku Niliyokataa Kunywa wa Mwisho

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kijijini kwetu Kansay, wakati wa kupalilia maharage, akaishi siku tisa. Tulimzika asubuhi. Kabla ya saa sita mama mkwe alikuja, akasimama nje ya mlango na kuniambia nisitoke. Kwetu Wairaqw jambo hilo huitwa metimani: nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile hutengwa, mkosi usiwafikie wengine. Huli na watu, huchoti maji wanapochota wao, na hakuna atakayepokea kaa la moto kutoka jikoni kwako.

"Mpaka lini, mama?" nikamwuliza.

"Mpaka wazee watakaposema." Akaondoka.

Zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, lakini miaka ile serikali ilishatupanga kijijini kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Nilitengwa hatua ishirini kutoka kwa watu. Makande yao niliyanusa, vicheko vyao nilivisikia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi la kwangu nililila peke yangu. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta yenye wanyamapori, ambako hakuna aliyemwuliza habari za kwake. Wazungu walikula mapishi ya mkono wake kutwa mara tatu na sikusikia hata mmoja aliyedhurika.

Nisijifanye mwema. Mwaka mmoja kabla, jirani yangu alipatwa na hilohilo, nami nikawa nazungukia njia ya juu nisikutane naye na ndoo yake. Nilikuwa nimebatizwa tayari, naimba kwaya sauti ya pili. Naona aibu mpaka leo.

Mahindi yalikuwamo ghalani, lakini chakula kilikataa kushuka. Nilipika, nikakitazama, nikawapa kuku. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimenifundisha kusoma kwa kukokota, basi kwa kukosa la kufanya nikachukua Injili, kidole chini ya mstari. Nikafika kwa yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Kwa sheria za kwao alikuwa najisi, asiguse mtu. Yeye akapenya katikati ya umati na kugusa vazi la Yesu. Nilisoma mara tatu nikitafuta mahali alipogombezwa. Hapakuwepo.

"Kumbe Wewe huiogopi nyumba hii," nikasema kwa sauti, peke yangu, mchana kweupe. Nikalia sana. Kisha nikasonga ugali nikala wote, nikakwangua na sufuria.

Mchungaji alitufikia mara chache kwa mwaka, na siku hizo ndipo tuliposhiriki Chakula cha Bwana. Safari ile mwinjilisti wetu alinijia mapema, akasimama uani.

"Mama, karibu ibadani. Ila unajua kikombe ni kimoja. Ukinywa wa mwisho kabisa, hakuna atakayekwazika."

Mimi huzuni ikinizidi hugeuka hasira. "Yule mwanamke wa damu alingoja watu waishe?"

Akakohoa. "Nimekushauri tu, mama."

Jumapili nikaenda. Benchi likawa wazi kulia na kushoto kwangu. Walipoitwa wa kwanza kwenda madhabahuni, nikainuka nao, nikapiga magoti kando ya mama mkwe wangu, upande ambao kikombe kingenifikia mimi kabla yake. Nafasi ile sikuipata kwa bahati, niliilenga. Wanawake wawili waliokuwa upande wake wa pili waliinuka wakarudi nyuma. Yeye alibaki, macho chini.

Mchungaji hakujua lolote. Akanipa mkate, akaniletea kikombe, nikanywa. Akafuta ukingo kwa kitambaa cheupe, akakizungusha kikombe kidogo, akasogea kwa mama mkwe.

Hakufungua kinywa. Nilijua kwamba akikataa, hata pale mezani pa Bwana sitakuwa na mahali, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliomba neno moja tu: Yesu, Yesu.

Mikono ya mama mkwe ikainuka. Waumini hunyweshwa, lakini yeye alikishika kikombe mwenyewe kwa mikono miwili, akanywa, akaendelea kunywa, mpaka mchungaji akakivuta. Wale wanawake wawili wakarudi, wakapiga magoti. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele hapohapo madhabahuni, mchungaji nusura amwage divai. Kwaya ikadakia wimbo bila kuambiwa. Sijawahi kuimba sauti ya pili kwa nguvu kama siku ile, machozi na kamasi na yote.

Alasiri mama mkwe alikuja kwangu. Safari hii hakusimama nje. Aliingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilizika watoto wawili kabla ya kumzaa mume wako. Kila mara nilikaa ndani mpaka nikasahau sauti za watu. Hakuna aliyekuja."

Sikujua hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Umepika nini?" akauliza.

Nikapakua ugali na maharage katika sahani moja. Nikammiminia maji, akanawa, tukala.