Nilinunua amp ya gita Busia, majirani wakaja kunipa pole ya msiba

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaoandika na mnaosoma kimya kimya. Mimi nimesoma hapa jukwaani miaka miwili bila kuandika neno, leo nimeona niandike.

Kila wiki kuna mtu anauliza, "Nimeanza gita ya umeme, ninunue amp gani?" Na majibu ni yale yale, watt ngapi, spika inchi ngapi. Nitajibu hilo swali, lakini lazima niwaambie yaliyonipata kwanza. Siongezi chumvi. Hii stori hainipambi hata kidogo, kwa hivyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni karani wa clearing agent, wale wa kutolea malori karatasi za forodha, hapa Malaba mpakani. Kwetu ni Makueni. Nina miaka thelathini na nane, mke wangu tuliachana, yuko Nakuru na mtoto.

Kazi yangu ni kuongea mchana kutwa. Madereva wako kwa dirisha: agent, entry imetoka? Agent, mbona lori yangu bado? Halafu jioni nafunga ofisi, natembea mpaka kwa plot, nafungua kufuli, na hakuna mtu ataniongelesha tena mpaka kesho.

Plot yetu ina rooms sita, mabati ni moja na ceiling ni moja. Jirani akikohoa nasikia. Nilikuwa nimekaa hapo miaka minne na hakuna aliyejua jina langu. Wote waliniita agent, kama madereva wanavyoniita.

Niseme tu ukweli, nilikuwa mpweke sana. Nilifika mahali nikienda kuoga naacha redio ikiongea, ili nikirudi nikute sauti ndani ya nyumba.

Sasa gita.

Nilinunua second-hand kwa mpigaji wa kanisa moja hapa aliyekuwa anaenda Qatar. Gita nzuri, nyeusi, lakini bila amp. Na gita ya umeme bila amp haina sauti ya maana. Unagonga waya, inalia kama mtu anakuna sinia na kucha.

Jumamosi moja nikaenda Busia. Kuna duka pale linauza sound, wateja wake wengi ni makanisa na watu wa kukodisha spika. Muuzaji hakuniuliza kama najua kucheza. Aliniuliza swali moja tu.

"Ni ya watu wangapi, boss?"

Huku kwetu ndivyo spika inanunuliwa, kwa kuhesabu watu watakaosikia. Kanisa la watu mia, unapewa hii. Harusi ya mia tatu, unapewa ile. Na wakuu, nilishindwa kusema mtu mmoja. Nilisimama pale, mtu mzima, nikaona aibu kumwambia mgeni kwamba ni yangu peke yangu.

Nikasema hamsini.

Akanipa combo ya keyboard, yaani amp na spika ndani ya sanduku moja, inchi kumi na tano, nzito kama gunia la simiti. Akasema gita inaingia pia. Na kweli inaingia, tundu ni lile lile. Lakini sikilizeni nyinyi mnaoanza: amp ya keyboard inatoa kila kitu safi na kavu, na gita inataka spika yake inayopunguza ule ukali wa juu. Ukichomeka gita kwa ya keyboard unasikia makosa yako yote yakiwa yamepigwa pasi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Nilikodi Probox mpaka Malaba. Wanaume wawili wakaniteremshia mzigo kwa gate. Wamama walikuwa nje wanafua, wengine wanachambua mboga. Waliangalia ile spika, wakanyamaza. Mimi nikadhani wanashangaa mali.

Nikafunga mlango, nikachomeka, volume kwa moja.

Ikaanza kunguruma. Plot yetu haina waya wa earth, na gita kwa umeme kama huo inanguruma mpaka uguse waya zake ndio inyamaze. Sikujua. Niliiacha ikinguruma kama robo saa hivi, natafuta kasoro. Halafu nikacheza kitu pekee nilichokuwa nakijua, noti tatu za kushuka, polepole. Kikombe kikatembea juu ya meza.

Sasa, kwa wale msiotoka upande huu. Spika kubwa ikiletwa kwa mtu Jumamosi na gari ya kukodi, na hana harusi, na hana kanisa, watu wanajua ni matanga, maana huku kilio kinakeshwa na muziki. Na mwenye spika akijifungia ndani na ile sauti nzito ya polepole ikatoka, nani atauliza tena?

Mlango ukagongwa. Kufungua, ni Mama Nekesa wa room ya pili, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Nyuma yake Mama Akisa wa room ya tano, yeye ni wa mboga. Nyuma yao wengine wawili. Wamebeba sukari, majani ya chai na unga.

Mama Nekesa akanishika mkono na mikono yake yote miwili. "Pole sana, agent. Ni nani ametuacha?"

Ametuacha, alisema. Kama mtu wangu alikuwa mtu wao pia.

Wakuu, nilifungua mdomo niseme hakuna aliyekufa, ni amp tu, nimenunua ya watu hamsini. Maneno yaliyotoka yalikuwa, "Ni mjomba."

Sijui niwaeleze aje. Nilijua nadanganya, na nilijua nikisema ukweli watacheka, watachukua sukari yao na kurudi kufua. Sikutaka warudi.

Wakaingia. Mama Akisa akawasha stovu yangu bila kuniuliza kiberiti kiko wapi. Wakaniuliza jina, nikasema Kioko. Wakaniuliza kwetu, wazazi, mtoto. Mama Akisa akataka jina la mjomba ili amwombee, nikatunga moja hapo hapo, nikasema Mzee Mutiso. Akafunga macho akaomba kwa Kiteso na Kiswahili, akamtaja Mzee Mutiso mara tatu, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Nami nikasema amina.

Walikaa mpaka wakati wa kupika. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nimewahi kuwa nazo Malaba, na najichukia kuandika hivyo.

Uongo wa msiba una mguu mmoja mbaya: lazima kuwe na mazishi. Wakaniuliza ni lini, nikasema Ijumaa. Wakanichangia. Nilikataa, wakaweka pesa chini ya kikombe wakatoka. Alhamisi asubuhi Mama Nekesa na Mama Akisa wakanisindikiza mpaka stage na kibegi changu, wakaniambia nisalimie nyumbani.

Nikasalimie nani? Walipogeuka kurudi nikapanda gari ya Busia, halafu nikaunga mpaka Sio Port, huko ziwani. Nilichagua Sio Port kwa sababu sijulikani huko. Nikachukua chumba, nikakaa naangalia mitumbwi na akina mama wakianika omena kwa nyavu. Siku nzima sikusema maneno kumi. Nilichokuwa nawaza ni kimoja tu: hawa watu wamejua jina langu kwa uongo, na wakijua ukweli sitawapata tena maisha yangu yote.

Ijumaa, siku ya mazishi, nilikuwa kwa kibanda nakula ugali na samaki. Nikainua kichwa. Mama Nekesa amesimama mbele yangu na magunia mawili matupu.

Mtaniuliza, wewe Kioko, mtu anauza omena, ulienda kujificha mahali omena inatoka? Hilo swali nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba sikujua. Miaka minne tunatumia bomba moja la maji, na sijawahi kumuuliza anatoa wapi bidhaa yake. Mimi nilikuwa nalalamika kwa roho kwamba hakuna anayeniuliza jina, na mimi mwenyewe sikuwa nimemuuliza mtu chochote.

Aliangalia sahani yangu. Akaangalia ziwa. Akasema, "Mazishi imeisha mapema."

"Maliza kula," akasema. "Halafu unisaidie kubeba."

Nilimbebea magunia yote mawili yakiwa yamejaa, na wakati tunangoja gari nikamwambia kila kitu. Duka, watu hamsini, ile ngurumo, mjomba. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilitamani anitukane, hakunitukana.

Mwisho akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na siku utafiwa kweli, tutajuaje?"

Nimeambiwa maneno mengi makali katika hii kazi ya mpaka, na madereva wana midomo. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Akasema yeye hatanisema kwa mtu. "Utawaambia mwenyewe. Mimi sibebi yako, niko na omena."

Yeye akapanda gari jioni hiyo, mimi nikarudi Jumamosi. Wamama wakatoka kunipokea, pole, safari ilikuwa aje, mzee mlimlaza vizuri? Mama Nekesa alikuwa kwa mlango wake anapepeta omena, hakuinua macho. Ningeweza kusema tulimlaza vizuri. Neno lilikuwa liko mdomoni kabisa.

Nikawaambia. Nilisimama pale katikati ya plot, nikasema hakuna mjomba, nilinunua kitu cha kuchezea gita, mkadhani ni matanga, na nilifurahi mlipoingia ndio nikashindwa kuwaambia. Nikawarudishia mchango wao, kila mmoja wake.

Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwingine akasema wanaume wa peke yao huwa wanaharibika kichwa. Mama Akisa hakucheka. Alichukua yake, akakunja, akasema, "Nimemwombea mtu hayuko." Akaingia ndani akafunga mlango.

Ile combo kubwa nimeuzia kanisa moja Adungosi, na huko inafanya kazi yake sawa.

Sasa jibu la swali lenu. Anayeanza, anayekaa room moja, anunue amp ndogo ya gita, siyo ya keyboard. Yangu sasa ni watt kumi, spika inchi sita, inabebwa na mkono mmoja. Hakikisha ina tundu la headphone, kwa sababu utarudia kitu kimoja mara mia na jirani hana kosa. Hakikisha ina aux, uweke wimbo kwa simu na ucheze pamoja nao. Usitishwe na watt: kwa mabati, kumi ni nyingi, mimi sijawahi kupita nusu. Na umeme wetu huu wa kupotea na kurudi kwa hasira, chomoa kila ukimaliza. Muuzaji akiuliza ni ya watu wangapi, mwambie mmoja. Hakuna atakayekufunga.

Siku za kazi natumia headphone. Jumapili baada ya kanisa nafungua mlango, natoa headphone, nacheza hadharani na makosa yangu. Mama Nekesa husema bado haijaiva. Mara mbili ameleta kiti chake mpaka nje ya mlango wangu, lakini ndani hajaingia tena, na mimi sijamlazimisha.

Mama Akisa, miezi miwili hakunisalimia. Nikianza kucheza anafunga mlango, nami nachomeka headphone namalizia kimya. Kwa hilo siwezi kumlaumu. Chai naweza kurudisha, lakini ile sala siwezi.

Wiki jana nilimkuta nje anafunga mafungu ya mboga. Nikasimama mbali kidogo. Nikamuuliza, mama, hizi mboga huwa unazitoa wapi?

Aliendelea kufunga mafungu yake, nikadhani hatajibu. Nikageuka niende.

"Amukura," akasema. Halafu, bila kuniangalia, "Kuna dada yangu huko, ndiye analima."

Nikamuuliza dada anaitwa nani.

Funzo langu ni hilo, wakuu, na lilinigharimu kulipata: kama uko peke yako mahali, usingoje kufiwa ndio watu wakae kwako. Anza wewe kuuliza. Wenye kujua amp wanirekebishe nilipokosea, na kama kuna mwingine hapa aliwahi kuharibu na majirani hivi, aniambie alirudi aje. Leo niko off, nitasoma yote.