Mzee Aliyeulizwa Kama Anatujua

Harufu ya dawa ya kunyunyizia mahema, imechanganyika na ya maharagwe yaliyoungua, ndiyo Burundi ya kwanza niliyoijua. Tulikuwa Muyinga, kwenye kituo cha kupokea waliorudi kutoka Tanzania. Nilikuwa na miaka tisa, nimezaliwa kambini, na nchi hii niliijua kwa mdomo wa Bibi tu: vilima, vilima, kisha vilima tena. Nilidhani anatia chumvi. Loo! Asubuhi nilipotoka hemani niliviona, vimelimwa mpaka kileleni, nikasimama mdomo wazi.

Serikali ilikuwa na utaratibu wake. Aliyetambuliwa kwenye mlima wa kwao, maana huku kila mlima una wazee na kiongozi wake, alirudishwa huko, akagawane shamba na aliyelikalia. Asiyetambuliwa alipelekwa kijiji kipya, nyumba za mabati zilizopangwa mstari, akaishi na watu asiowajua. Bibi alitaka Ryansoro, alikozikwa mumewe, basi. Tatizo lilikuwa karatasi. Siku ya kufika kambini, yeye na marehemu baba yangu walijiandikisha kama watu wa familia ya bwana mmoja wa Mutoyi waliyekutana naye njiani, ili wasitenganishwe. Wengi walifanya hivyo. Nani aliwaza kurudi?

"Mukecuru," karani alimwambia, kwa neno letu la heshima kwa mama mzee, "mi naona hapa Mutoyi. Ryansoro iko mbali na Mutoyi."

"Basi andika Mutoyi," Bibi akajibu, "halafu unipeleke Ryansoro."

Karani alicheka, lakini alikuwa na sheria yake: tupelekwe Ryansoro, na asipopatikana wa kututambua, twende kijijini.

Shamba la babu lilikuwa mikononi mwa mzee Bukuru, aliyelilima tangu vita vilivyomkimbiza Bibi. Akisema tu "simjui", lote linabaki lake. Nilimchukia kabla sijamwona, nasema kweli. Tulipofika, watu walijaa uwanjani, na kiongozi wa mlima akamuuliza mbele ya wote: mama huyu unamjua?

Nilimwona mke wa Bukuru akimvuta mumewe koti. Bukuru akasogea, akamshika Bibi mikono yote miwili juu ya viwiko, tunavyosalimiana huku, asimwachie.

"Ni mke wa Ndayizeye," alisema. "Kaburi la mumewe mi nalipalilia kila mwaka. Nilikuwa najiuliza nani atakuja kunipokea kazi hii."

Bibi, yeye aliyemshinda karani kwa mdomo, alilia tu. Mimi sikuwahi kuona mtu mzima akijipunguzia shamba kwa hiari yake, mchana kweupe, wanawe wakimtazama. Jioni hiyo hiyo walipanda minyaa ya mpaka, Bukuru akihesabu hatua kwa sauti ili kila mtu asikie, na upande wenye kaburi ukawa wetu.

Siku hizi naishi Gitega mjini, nafundisha. Bibi na Bukuru wote wamezikwa Ryansoro. Nusu ile, niliyoiona kubwa kama nchi nzima, tumeigawana wajukuu hadi imekuwa vipande. Mwaka jana mimi na wana wa Bukuru tulifikishana mbele ya wazee wa mlima kwa ajili ya mstari mmoja wa migomba. Nilishinda. Sijala hata ndizi moja.