Mkalimani wa Sabato Ile ya Kendu Bay

Hadi leo nashuku kwamba Sabato moja miaka ya tisini tulihubiriwa na watu wawili.

Mzee wa kanisa alikuwa amemkataza shangazi yangu kuhubiri.
"Paulo alisema wanawake wanyamaze kanisani."
Shangazi akaketi.

Kumbe mhubiri mgeni kutoka Kehancha anahubiri kwa Kiswahili, hajui Dholuo, lugha yetu, na mkalimani ni shangazi peke yake!
Mzee akamgeukia shangazi. "Basi mama, tafsiri tu."

Mgeni akasema, "Sabato ni siku ya saba."
Shangazi akaongea Dholuo dakika nzima, akamtaja hata Fibi, mwanamke mhudumu wa kanisa aliyesifiwa na Paulo huyohuyo.
Watu wakaitikia, "Amina!"
Mzee alimkazia macho.

Baada ya ibada mgeni akaniuliza, "Kwani Dholuo ni ndefu hivyo?"

"Ndefu sana, pasta."

Wewe ungemjibu nini?