Nyuma ya Gurudumu la Shemeji

Shemeji yangu ndiye aliyenifundisha mbio za baiskeli, na alinifundisha vibaya kwa makusudi.

Ni mume wa dada yangu mkubwa. Kwetu Garissa mtu huyo tunamwita seedi, na kumbishia si adabu. Alikuwa ameshinda mara kadhaa mashindano ya vijana wa mjini, na vikombe vyake vilipangwa juu ya kabati sebuleni kwa dada yangu, kila mgeni avione kabla hajakaribishwa kuketi. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la dawa za mifugo. Nilikuwa nimeletewa na basi la Nairobi baiskeli kuukuu ya mashindano, yenye magurudumu membamba ambayo mwiba wa mathenge uliyatoboa karibu kila wiki, na nilitamani kuwa kama yeye.

Kwa asiyezijua, mbio hizi si za kwenda mbali. Barabara chache za mjini hufungwa baada ya sala ya Alasiri, jua likianza kulegea, na waendeshaji huzunguka palepale, raundi baada ya raundi, mpaka kengele igongwe kutangaza raundi ya mwisho. Ukiachwa nyuma hadi kundi likakaribia kukupita kwa raundi nzima, msimamizi hukupungia bendera utoke. Watazamaji hawasogei. Wanakaa pale pale na miavuli yao na chai yao, na wewe unawapitia tena na tena. Ukiaibika, unaaibika mara nyingi mbele ya watu walewale.

Siku ya mbio zangu za kwanza seedi alinishika bega.

"Wewe mgeni," aliniambia. "Mgeni akikaa katikati ya kundi anaangushwa. Kaa mbele. Usimwachie mtu. Mimi niko nyuma yako, nakulinda."

Nikakaa mbele. Ulikuwa msimu wa hagaa, wakati upepo wa kusini unapovuma mchana kutwa, na upande mmoja wa mzunguko ulituelekeza moja kwa moja kwenye upepo huo. Nilihisi kama mtu ameniwekea viganja kifuani na ananisukuma nirudi. Kila nilipogeuka, seedi alikuwa pale, gurudumu lake la mbele likikaribia kugusa langu la nyuma, akiitikia kwa kichwa. "Sawasawa, walaal, ndugu yangu. Endelea hivyo hivyo."

Kengele ilipogongwa miguu yangu ilikuwa imekwisha. Baada ya kona ya mwisho alinipita bila hata kuninyanyulia macho, na wengine wote wakamfuata, wakipita kandokando yangu kama mbuzi wanaotoka zizini. Alishinda. Mimi nilimaliza wa mwisho katika kundi lile, nikatapika kando ya mtaro, na kwa upumbavu wangu nikaenda kumpongeza.

Nilijua ukweli sikukuu ya Idi. Tulikuwa tumekaa mkekani nyumbani kwa wazazi wangu, wanaume wa ukoo wote, na seedi akaanza kusimulia. Alichukua vikombe vya chai akavipanga kimoja nyuma ya kingine. "Huyu hapa mbele ni kaka wa mke wangu," alisema. "Nimemwambia akae mbele, nikamtumia kama pazia la mlango. Upepo wote yeye, ushindi wote mimi. Na baadaye akaja kunipa mkono."

Walicheka. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumchekesha hata siku moja maishani, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka lake. Dada yangu, aliyekuwa analeta nyama, alisimama mlangoni na sinia mkononi na kuniangalia. Nami nilicheka pia. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Kwetu jina la utani likishakukamata halikuachii. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa Pazia, na kwa ndimi za wengi wetu, Wasomali tusio na p, likawa Bazia. Wafugaji waliotoka Diff kutafuta dawa ya minyoo ya ngamia waliingia dukani wakauliza, "Bazia yuko?" Nilijibu, "Ndiyo mimi," nikawahudumia, na moyoni nikawa namwona seedi.

Mgongo ulianza kuniuma, nikaenda hospitalini. Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mmoja wa Nyeri ambaye alikuwa ameendesha mashindano enzi zake za chuo. Aliponiuliza nimeumiaje, nilimweleza yote, mpaka ile habari ya vikombe vya chai. Hakucheka.

"Anayekaa mbele anapasua upepo," alisema akinikandamiza kiunoni. "Anayemfuata kwa karibu anabebwa bure. Hilo ni somo la kwanza, mtu hufundishwa kabla hajafunga helmeti. Shemeji yako alilijua."

"Alilijua."

"Sasa unataka kujifunza kushinda?"

"Nataka kujifunza alichonificha, daktari."

Aliniambia nije na baiskeli baada ya kazi.

Tulifanyia mazoezi kwenye barabara tulivu ya kuelekea mtoni. Alipanga chupa za maji kuwa kona. Shika breki kabla ya kona, si ndani yake. Pedali ya upande wa ndani iwe juu, la sivyo itagonga chini nawe utaanguka. Ingia kwa nje, kata kwa ndani, toka kwa nje, na macho yatangulie unakotaka kwenda, maana baiskeli hufuata macho. Ukiona mchanga, usiinamishe baiskeli. Alinionya pia kwamba kona huwaua walio mkiani: wa mbele anapunguza mwendo kidogo, wa nyuma wanalazimika kupunguza zaidi, na baadaye kila mmoja wao anatapatapa kurudisha mwendo. "Kwa hiyo si mbele kabisa, wala si nyuma," alisema. "Kaa wa tatu, wa nne. Ficha nguvu zako kama maskini anavyoficha sukari."

Nilimsikiliza kama mtu anayehifadhi sura ya Kurani. Kila kona niliyokata vizuri, nilimkata seedi.

Mashindano yaliyofuata yalivuta watu wa mbali kidogo. Alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mrefu, mkimya, na baiskeli nzito ambayo wengine waliisengenya. Seedi alinikuta mwanzoni akitabasamu.

"Utanikingia upepo leo pia?"

"Inshallah," nilimwambia.

Mara tu tulipoanza nilijibanza nyuma ya gurudumu lake. Akipunguza, nilipunguza. Akihama kushoto, nilihama. Alinipungia mkono nipite, nikajifanya nimechoka. Tulipowapitia watazamaji, sauti ya kipaza sauti ikasema, "Bazia leo amejificha," na watu wakacheka. Waache wacheke, nilijiambia.

Raundi chache kabla ya kengele, mwalimu wa Hagadera alichomoka. Alitoka kwenye kona ambapo kila mtu alikuwa amepunguza mwendo, akasimama juu ya pedali, akaondoka. Kundi lilikuwa limechoka na lilikuwa likimtazama seedi, bingwa, amrudishe. Seedi alinigeukia mimi.

"Mfuate," alisema.

"Mfuate wewe."

"Anaondoka. Tukipokezana tutamshika, mimi na wewe."

Alisema kweli. Tungepokezana kukaa mbele, upepo wangu raundi hii, wake ile, tungemshika, na huenda mimi mwenyewe ningeshinda, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa bado mizima. Nililifikiria hilo kwa urefu wa barabara moja. Nikagundua kwamba sikutaka kushinda. Nilitaka yeye ashindwe, na ashindwe akiwa amenibeba.

"Mimi mgeni, seedi," nilimwambia. "Mgeni akienda mbele anatumiwa."

Alielewa. Alimfukuza mwalimu peke yake, kichwa chini, ameukabili upepo ule ule wa hagaa, nami nimetulia nyuma yake kama mtoto mgongoni kwa mama. Nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Nilifurahia kila pumzi. Kengele ilipogongwa mwalimu alikuwa mbali, hashikiki tena. Baada ya kona ya mwisho nilimpita seedi, na kinyume na yeye, mimi nilimtazama usoni. Wengine walimpita baada yangu.

Alitupa helmeti chini. "Umetupotezea sote wawili," alisema.

"Mimi sikupoteza kitu."

Mtaalamu wa viungo, aliyekuwa amesimama kwenye kona, hakunipa mkono. "Ulikuwa na mbio zile mkononi," alisema. "Sikukufundisha uwe wa pili."

Seedi hakushiriki tena msimu ule, na mimi na yeye tulisalimiana msikitini kwa ncha za vidole. Baadaye dada yangu alikuja dukani, akajidai anatafuta dawa ya kuku.

"Hali chakula vizuri," alisema. "Anakaa tu na kutazama ukuta. Umefurahi, walaal?"

"Ndiyo, abaayo," nilimjibu. "Nimefurahi sana."

Alinisubiri niongeze neno. Alikuwa akinijua tangu nikiwa mgongoni kwake, na nadhani alikuja na hakika kwamba nitalainika. Nilimfungia dawa kwenye karatasi nikampa. Aliichukua, akanitakia mchana mwema kama anavyomtakia muuza duka yeyote, akatoka juani.

Nilimwangalia mpaka alipovuka barabara, kisha nikamhudumia mteja aliyefuata.